Kisanduku Kilichokataa Herufi

Katika mtaa wetu mimi ndiye bibi wa kwanza kununua kitu kwa simu. Niliagiza kitanda. Kilipofika nilikibeba kwa mkono mmoja, kwa sababu kilikuwa kitanda cha mwanasesere, na mjukuu wangu alikipokea bila kulalamika hata kidogo. Lakini kununua nilinunua. Mpaka leo wapo wanaoniita Bibi Mtandao, na mimi siwakatazi.

Ninachotaka kuwasimulia si habari ya kitanda. Ni habari ya tanuri la mikate, ya msichana wa miaka kumi na miwili, na ya kisanduku kimoja kwenye simu, kidogo kuliko ukucha, ambacho kilikataa katakata kumtambua mama yake.

Nina nyumba ya vyumba sita inayozunguka ua. Vyumba viwili vya mbele amepanga mwokaji mikate na binti yake. Walikuja kutoka nchi nyingine mtoto akiwa na miaka mitano, na sasa anaongea lugha ya hapa vizuri kuliko wajukuu zangu, hasa akikasirika. Mama tunamwita Mwokaji. Binti tunamwita Kalamu, kwa kuwa kalamu haimtoki sikioni. Nadhani hata kulala hulala nayo.

Kila siku akitoka shule, Kalamu anavua sare, ananawa mikono mpaka kwenye viwiko, kisha anapanga mikate kwenye kreti na kuisukuma kwa toroli hadi jikoni kwa shule ya bweni, mtaa wa pili. Siku ninayoizungumzia, alishika mkate wa kwanza akaugeuza.

"Mama, huu umeungua."

"Umeungua chini tu," alisema Mwokaji.

"Na juu."

"Basi watakula katikati."

Alisema hivyo kwa kutania, lakini uso wake haukucheka. Tanuri lilikuwa limeanza kujifanyia mambo linavyotaka. Fundi aliitwa, akafungua mgongo wa tanuri, akachomoa kidude chenye waya mwembamba wa shaba. "Hiki ndicho kinachozuia joto lisipande kupita kiasi," alisema. "Kimekufa. Na mjini hapa hutakipata, labda lile duka la mtandaoni." Mimi nikakiita breki ya moto, na jina likakaa.

Mpishi mkuu wa shule ya bweni alikuja mwenyewe. Ni mtu mnene, mpole, asiyependa kuumiza watu. "Mwokaji," alisema, "nakuheshimu. Lakini wanafunzi wameanza kuchezea mpira mikate yako, na mmoja amevunja dirisha. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo itabidi nitafute mwingine."

Mwisho wa mwezi ulikuwa siku kumi na tisa mbele. Shule ile ndiyo iliyokuwa ikila mikate mitatu kati ya kila minne iliyotoka katika tanuri lile. Hapakuwa na haja ya kupiga hesabu nyingine.

Breki ya moto ilikuwepo kwenye duka la mtandaoni. Kalamu aliipata dukani humo kabla chai yangu haijapoa: picha yake, vipimo vyake, waya wa shaba na kila kitu, na chini yake maneno "inafika ndani ya siku saba." Mwokaji akapiga makofi. Akakaa kwenye benchi la uani, akavaa miwani, akaanza kujaza fomu.

Kisanduku cha kwanza kilitaka majina matatu. Kibali chake cha ukaazi kina majina mawili, kwa sababu kwao watu huishia mawili na maisha yanaendelea. Akaandika mawili. Simu ikaandika kwa wekundu: jaza jina la tatu. Akaandika la pili mara mbili. Simu ikasema jina la tatu lisifanane na la pili.

"Badilisha lugha," nilimshauri. "Labda kwa lugha yenu ni wapole zaidi."

Akabonyeza alama ya bendera. Nusu ya vitufe vikageuka lugha ya kwao, nusu vikabaki lugha ya hapa, na kikapu chenye breki ya moto kikawa kitupu. Akaanza upya, kwenye jina la tatu akaweka nukta, ikapita. Safari hii simu ikataka kuhakikisha kwamba yeye si mashine: chagua picha zote zenye sanduku la posta. Sasa, kwao masanduku ya posta hutundikwa ukutani na ni membamba. Ya hapa husimama chini na yana tumbo. Mwokaji akachagua picha za mapipa ya taka.

"Mashine kabisa huyu," nilisema, tukacheka mpaka machozi.

Kicheko kilikatika kwenye kisanduku cha mwisho. Kiliandikwa "Namba ya kitambulisho," na kilitaka tarakimu kumi. Namba ya kibali cha mgeni inaanza na herufi mbili. Mwokaji alibonyeza herufi ya kwanza, haikuingia. Kalamu akachukua simu, akabonyeza kwa nguvu, haikuingia. Hakikukataa kwa wekundu wala kwa maneno. Kilikaa kimya tu, kama mtu anayekuona ukimsalimia akatazama pembeni.

Wakati huo mjukuu wangu alikuwa ameketi karibu, simu ya mama yake mkononi. Ana miaka kumi na miwili naye, na tunamwita Chapuchapu. "Mbona rahisi," alisema. Akatafuta kitana, akajaza kwa kitambulisho cha mama yake, akafika kwenye kitufe cha kulipa. Dakika nne. Na katikati ya hizo dakika nne alikuwa amepiga chafya mara mbili.

Kalamu alimtazama kwa jicho ambalo sikulipenda.

Mwokaji aliporudi kwenye unga wake, nilimvuta Kalamu pembeni. "Mjukuu wangu," nilimwambia, kwa kuwa ndivyo ninavyomwita, "mimi kitambulisho changu ni tarakimu tupu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Majina ninayo matatu, na la nne la akiba. Andika yangu. Wakiuliza, sema mama yako ni mwanangu."

"Huo si uongo, Bibi?"

"Uongo mdogo. Hautafika hata magotini."

Kwa nini niwafiche? Nilijiona nimetenda wema. Kalamu akafikiria mikate, akafikiria mpishi mkuu, akaandika jina langu. Kisanduku kikapokea kila kitu kwa furaha. Akafika kwenye kitufe cha kulipa, akaenda kumwita mama yake.

Mwokaji alikuja na mikono yenye unga. Alisoma. Akasoma tena.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

"Ni Bibi," alisema Kalamu. "Kwa muda tu, Mama. Mzigo ukifika, utakuwa wetu."

"Jina langu liko kwenye leseni ya kuoka. Liko kwenye mkataba wa shule. Liko mlangoni hapo, limeandikwa kwa rangi. Kodi zao wananitoza kwa jina hilohilo, na hawajawahi kuniambia ni fupi." Hakuinua sauti. "Na hiyo breki ya moto ina dhamana ya mwaka mzima. Ikiharibika, anayeruhusiwa kuirudisha ni mwenye jina kwenye risiti. Bibi akifa je?"

"Mimi sina mpango wa kufa mwaka huu," nilisema.

"Sikusema una mpango, mama yangu. Nasema sitajifanya mtu mwingine ili ninunue kidude cha tanuri langu mwenyewe." Akafuta jina langu kwa kidole chenye unga. Niliona limefutika, nikahisi kama nimetolewa nje ya sherehe.

Kalamu alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni. Halafu akatoa kalamu sikioni. Akachukua daftari lake la ziada, akapiga mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja akaandika "Wenyeji," upande wa pili "Wageni."

"Unafanya nini?" aliuliza Chapuchapu.

"Nikienda kulalamika peke yangu, watasema mama yangu hajui simu. Nataka niwaonyeshe kwamba simu ndiyo haimjui mama yangu."

Jumamosi nzima walikaa kwenye benchi langu, Kalamu akiwa na daftari, Chapuchapu akiwa na saa. Walitafuta wenyeji watano na wageni watano. Kila mtu alipewa kazi ileile: tafuta breki ya moto, jaza fomu, fika kwenye kitufe cha kulipa, simama hapo. Kalamu aliandika kila hatua na kila mahali mtu alipokwama, pamoja na maneno aliyoyasema alipokwama, isipokuwa ya fundi saa, ambayo hayakufaa kuandikwa.

Upande wa wageni palikuwa na fundi saa huyo, muuguzi wa zamu za mchana, mshona viatu, mama wa mapacha, na Mwokaji mwenyewe. Muuguzi alijaribu kwa dakika hamsini, akamrudishia Kalamu simu na kusema afadhali kushona kidonda. Mshona viatu ndiye peke yake aliyefika mwisho. Lakini alipoulizwa, aliinamisha kichwa: huwa anatumia namba ya mwenye nyumba wake, na mwenye nyumba hufungua kila mzigo kwanza ili aone kama kuna kitu kinachomfaa.

"Viatu vyangu vya kazi yeye ndiye anayevivaa," alisema. "Nitamwambia nini? Jina lake ndilo liko kwenye boksi."

Hapo nilijikuna. Kumbe ule uongo wangu mdogo, kwa mwingine, ulikuwa umeshafika shingoni.

Mama wa mapacha naye alileta jambo ambalo hata mimi sikulijua. Yeye aliwahi kununua, siku za mwanzo, kabla kisanduku cha namba hakijawekwa. Mzigo wake ulirudishwa mara mbili. Aliandika anwani kama ilivyo kwenye kibali: namba ya nyumba, namba ya kiwanja, msimbo. Chini kuna sehemu iliyoandikwa "Maelezo, si lazima." Kwa kuwa si lazima, aliiacha wazi.

Chapuchapu alishangaa. "Lakini hiyo ndiyo wanayosoma wenye pikipiki. Namba za nyumba hakuna anayezijua. Unaandika geti la bluu, mkono wa kushoto, mkabala na fundi magodoro, ukifika piga kelele."

"Nani alikufundisha?" Kalamu aliuliza.

"Hakuna. Kila mtu anajua."

Kalamu aliandika maneno hayo, "kila mtu anajua," akayapigia mstari mara mbili.

Upande wa wenyeji palikuwa na Chapuchapu, kinyozi, muuza vyombo, dereva wa lori la taka, na mimi. Wote walimaliza chini ya dakika kumi. Mimi nilisema siwezi kubonyeza nikitazamwa, vidole vinaona haya. Nikaingia chumbani kwangu na simu, nikamchukua Chapuchapu anishikie miwani. Tulitoka baada ya dakika sita, kitufe cha kulipa kikiwaka. Kalamu akaandika: Bibi, miaka sabini na mmoja, dakika sita. Nilimwomba aandike sitini na tisa. Alikataa.

Jumatatu baada ya shule tukaenda kwenye ofisi ya lile duka, mahali watu wanapochukulia mizigo. Ni chumba kirefu chenye maboksi mpaka darini na feni inayozunguka inapojisikia. Tulikuwa wanne: Mwokaji, wasichana wawili, na mimi niliyekuja kwa ajili ya viti vyao, ambavyo vina mito laini.

Dada wa kaunta alisikiliza akitafuna kofia ya kalamu. "Weka namba ya mwenye nyumba wako," alimwambia Mwokaji. "Wageni wote wanafanya hivyo."

"Mimi sifanyi hivyo," alisema Mwokaji.

"Basi sijui nikusaidieje, mama."

"Tuitie meneja," alisema Kalamu.

"Ana kazi."

"Tutasubiri."

"Atachelewa."

"Nimekuja na kazi ya nyumbani," alisema Kalamu, akafungua begi, akaweka kitabu cha hesabu juu ya kaunta, akaanza kufanya sehemu na desimali. Watu waliokuja kuchukua mizigo ilibidi wampitie. Kila aliyeuliza kuna nini, Chapuchapu alimweleza kwa sauti ya kutosha chumba kizima. Mzee mmoja mgeni aliposikia, akasema naye anasubiri, akaketi. Muuguzi akatokea na sare yake, akaketi. Mlango wa ndani ukafunguka.

Meneja alikuwa kijana nadhifu mwenye shati lililopigwa pasi mpaka likaogopa kukunjamana. "Kuna tatizo gani?"

Kalamu akasimama. Akamsomea daftari lote, upande kwa upande, dakika kwa dakika.

Meneja alitabasamu. "Binti, umefanya kazi nzuri. Lakini mtambo wetu ni mmoja kwa watu wote. Hakuna mgeni wala mwenyeji. Labda hao wazee wako hawakubonyeza vizuri. Mimi mwenyewe nimejaribu kwa namba ya kibali wiki iliyopita, ikapita bila shida."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu."

Kalamu akamwekea simu ya mama yake mbele, na kibali pembeni. "Basi tuonyeshe, kaka. Huenda sisi tunakosea."

Feni ikaamua kusimama. Meneja akabonyeza herufi ya kwanza. Akabonyeza tena. Akafuta kidole kwenye suruali, akabonyeza kwa kidole kingine. Kisanduku kikamtazama pembeni yeye pia. Nilihesabu majaribio tisa. Masikio yake yakaanza kubadilika rangi.

"Wiki iliyopita," alisema Mwokaji taratibu, "ulitumia mikono ipi?"

Watu wakacheka. Mimi, kama mtu mzima mwenye busara, nikamwambia, "Mwanangu, mtu hasemi amefanya jambo ambalo hakulifanya. Aibu yake ni hiyo." Nilisema kwa uzito sana. Nilijipenda.

Meneja akashusha pumzi. "Sijajaribu," alisema. "Niliambiwa na watu wa mitambo kwamba inapita. Sikuwahi kukaa nikajaza." Akaliomba daftari. Kalamu akamwambia atamwachia nakala, daftari ni lake. Dada wa kaunta akatoa kitabu cha fomu za karatasi kilichokuwa chini ya droo, kina vumbi, akamwandikia Mwokaji oda yake palepale: majina mawili, namba yenye herufi zake mbili, na kwenye maelezo, geti la bluu, mkabala na fundi magodoro.

Breki ya moto ilifika siku ya nane, ikiwa imebaki siku tano mwezi uishe. Boksi lilikuwa na jina la Mwokaji, na alilikata kwa kisu akiacha kile kipande chenye jina. Amekibandika juu ya tanuri. Mkate wa kwanza ulitoka wa rangi ya asali kila upande. Mpishi mkuu aliugeuza, akaugonga chini kwa kidole, akala nusu akiwa amesimama, akasema tuonane kesho.

Wiki tatu baadaye kisanduku kilianza kupokea herufi. Jina la tatu likawa si lazima, na maelezo ya anwani yakawa lazima. Kikapu bado kinamwagika ukibonyeza bendera. Kalamu ameshaandika barua.

Jioni ya siku kisanduku kilipokubali herufi, tulikaa uani tukila mkate wa moto. Mwokaji akamvuta binti yake karibu. "Sikiliza," alimwambia. "Mlango ukikukataa, wapo watakaokuambia jiite fulani upite. Usikubali. Simama hapo kwa jina lako, sema kweli, na uwe na ushahidi mkononi. Ungekwenda pale na kelele tupu wangekutoa nje. Ulikwenda na daftari lisilo na uongo hata mstari mmoja."

"Hata mstari mmoja," niliitikia, nikachukua kipande kingine.

Geti likagongwa. Alikuwa dada wa kaunta, amevaa viatu vya kutembelea. Meneja amemtuma, alisema. Wanataka kuwafundisha wazee kununua wenyewe, na kwenye nakala ya daftari wameona mzee mmoja aliyemaliza kwa dakika sita. Wangependa aje kaunta kila Jumatano awaonyeshe wenzake. Akanipa simu yake. "Hebu tuone kidogo, Bibi. Tafuta chochote unachotaka."

Niliishika simu. Nikaigeuza. Nikasema mwanga hautoshi, na jua lilikuwa bado limetukodolea macho. Nikasema miwani yangu iko ndani. Mwokaji akaniambia nimeivaa.

Nilimtazama Chapuchapu. Chapuchapu alitazama mkate wake.

"Chapuchapu," alisema Kalamu polepole, "siku ile chumbani, wewe ulishika miwani tu?"

"Nilishika simu," alisema mjukuu wangu. "Bibi ndiye aliyeshika miwani."

Kalamu akatoa kalamu sikioni, akafungua daftari, akapiga mstari juu ya jina langu, akaandika: wenyeji wanne. Na atampelekea meneja sahihisho kesho asubuhi, alisema, kabla ya shule.

"Sawa, hiyo moja," nilisema. "Lakini kile kitanda nilikinunua mwenyewe. Hicho mtaa mzima unajua."

Chapuchapu akamaliza kumeza. "Bibi," alisema, "unadhani mimi ningekuagizia cha mtu mzima, wakati mwanasesere wangu alikuwa analala chini?"